Harusi Waliyoiona Wageni

"Mji wenu umetuibia," alisema mgeni mwanamume, akigonga meza kwa kidole.

Mkalimani aliyeketi kando yake aliyageuza maneno hayo kwa sauti ya asali. "Anasema, Kapteni, wamesikitika kidogo kwa kupotelewa na pikipiki."

Kapteni Diep aliitikia kwa kichwa, akaandika. Kiingereza alikijua vizuri. Miaka yote aliyokaa katika kitengo hiki, kazi yake ilikuwa kusikiliza wageni wakililia mikoba na simu. Ila asubuhi hiyo hakuna aliyemuuliza kama anakijua, naye hakuona sababu ya kujitangaza.

Wageni wenyewe walikuwa mume na mke, Grant na Maren, kutoka Adelaide, Australia. Jua la Hanoi lilikuwa limewachubua pua wote wawili. Mkalimani wao, Bwana Khai, alikuwa meneja wa hoteli ndogo karibu na ziwa la Hoan Kiem. Ndiye aliyewapokea, ndiye aliyewakodisha pikipiki, na sasa ndiye aliyewaleta polisi kuripoti kwamba imeibwa.

"Wapigie mhuri karatasi yao ya bima, waende zao," Meja Quyen, mkuu wa kituo, alikuwa amemwambia Diep asubuhi. "Ndege yao inaondoka jioni. Wizi wa pikipiki si habari."

Lakini juu ya meza ya Diep lilikuwapo faili la pili, alilorithi siku hiyohiyo kwa sababu mwenzake alikuwa amekwenda likizo. Juzi asubuhi, Mama Mui, muuza wali wa kunata, aligongwa na pikipiki katika Kichochoro cha Kisima, nyuma ya mtaa wa Hang Ma. Nyonga ilivunjika, kichwa kikapasuka. Aliyemgonga hakusimama. Mtuhumiwa alikuwa tayari mahabusu: Thuc, dereva wa bodaboda, aliyekutwa mapokezi ya hospitali na damu ya mama huyo kifuani. Maelezo yake yalikuwa mafupi: nilimkuta amelala barabarani, nikambeba. Chini yake yule afisa aliyekwenda likizo alikuwa ameandika kwamba anadanganya, kwa kuwa shahidi pekee aliona pikipiki ya bluu, na pikipiki ya Thuc ni ya bluu.

Hata hii inayodaiwa kuibwa ilikuwa ya bluu.

"Pikipiki za bluu Hanoi ni kama kunguni," Meja alisema Diep alipomtajia. "Utazihoji zote?"

Sasa Diep akamtazama Grant. "Mliegesha wapi?"

Khai akatafsiri. Grant alimtazama Khai kwanza, ndipo akajibu. "Kando ya ziwa."

"Mlikuwa mmetoka wapi?"

Macho yakamwendea Khai tena. "Hotelini. Hatukwenda kokote. Ziwani tu."

Diep akalaza kalamu. "Bwana Khai, koo limenikauka. Hapo nje kuna mama anauza chai ya barafu. Tuletee vikombe vinne."

"Dada yangu, si tumtume askari..."

"Humu ndani mimi si dada yako. Nenda mwenyewe."

"Na hawa watazungumzaje?"

"Hawatazungumza. Tutatazamana mpaka urudi."

Khai alicheka, kisha akaona kwamba amecheka peke yake, akatoka. Mlango ulipofungwa, Diep alisema kwa Kiingereza kilichonyooka, "Haya. Niambieni siku yenu ya kwanza hapa kwetu. Tuiache pikipiki. Mgeni siku ya kwanza huona vitu ambavyo sisi wenyeji tumeshaacha kuviona."

Grant alibadilika rangi. Alijikohoza. "Kelele," alisema hatimaye. "Tulisimama kando ya barabara tukashindwa kuvuka. Pikipiki haziishi. Mwishowe bibi mmoja mfupi alinishika mkono akanivusha kama mtoto wa chekechea. Nyaya za umeme zimeviringana kama tambi. Hakuna anayefuata sheria. Kwa kweli, hapa mtu anaweza kufa barabarani na asiwepo wa kugeuka."

"Umemwona nani akifa?"

Maren, aliyekuwa ameinama muda wote, aliingilia kama mtu anayetaka kuokoa jahazi. "Kulikuwa na mazuri pia. Asubuhi ile tuliona harusi. Ilikuwa nzuri sana. Tuliikuta mbele yetu, tukaifuata pole pole kwa nyuma. Walikuwa na bendi, tarumbeta na ngoma, na watu wamejifunga vitambaa vyeupe kichwani, na maua ya duara makubwa kama magurudumu. Nilimwambia Grant, ona, siku ya kwanza tu na tumebahatika."

"Ilikuwa siku nyingine," Grant alisema.

"Siku ipi? Si asubuhi ileile tulipochukua..." Akakatisha.

Diep hakuinua uso. "Bibi harusi alipendeza?"

"Hatukumwona," Maren alisema kwa sauti ya chini. "Tuliona migongo tu."

Khai alirudi na chai. Diep akapokea kikombe chake, akakinywa chote akiwa amesimama, akamwambia askari wa zamu, "Hawa watatu wapumzike hapa. Asiondoke mtu. Na simu zao ziwekwe mezani."

Kinyozi Sac, yule shahidi pekee, hakuwa na duka. Alikuwa na kiti, na kioo alichokitundika kwa msumari ukutani, pale Kichochoro cha Kisima kinapotokea barabara kuu. Diep alimkuta ananoa wembe.

"Shikamoo, mjomba. Juzi hapa kulikuwa na harusi?"

Mzee alimkazia macho. "Mwanangu, umelala vizuri? Huu ni mwezi wa mizimu. Nani anaoa mwezi huu? Wazazi gani watamkubalia, wafu wakiwa mitaani? Juzi tulimzika mzee Hoe, yule wa nyumba ya mwisho."

"Bendi ilikuwapo?"

"Tarumbeta mpaka masikio yakauma. Marehemu alipenda makuu."

"Mlitembea mpaka wapi?"

"Mpaka hapa unaposimama. Gari la maiti haliingii kichochoroni. Hapa jeneza likapakiwa, bendi ikanyamaza, wafiwa wakapanda mabasi."

"Kwa hiyo mtu aliyekuwa ziwani, au hata hapo barabara kuu, asingewaona wanatembea na vitambaa vyeupe?"

"Angeona mabasi mawili yamefunga vioo. Ukitaka kuuona ule msafara, uwe ndani ya kichochoro. Tena uwe nyuma yetu."

Diep akaandika hilo neno kwa neno, akamsomea mzee, mzee akaweka saini. Kisha akaulizia kamera ya duka la karatasi lililotazamana na mahali Mama Mui alipoangukia. Turubai la msiba lilikuwa limeifunika. Je, Sac alimwona aliyemgonga?

"Nilishawaambia wenzako, wakanisikiliza kama redio. Sote tulikuwa tumeupa mgongo ule uchochoro, tunamuaga mzee. Nikasikia kishindo, na masufuria. Nikageuka. Pikipiki ya bluu inachomokea kule upande wa pili wa kichochoro, inakata kushoto, inashika upande usio wake, huyoo!"

"Watu wangapi juu yake?"

"Maua yalinikinga. Niliona tairi na bati."

"Mjomba, Hanoi nzima ni nani asiyepita upande usio wake? Wewe mwenyewe jana nilikuona."

"Aa! Mimi nikipita upande usio wangu najua naiba. Jicho moja mbele, jicho moja kwa trafiki. Huyu alipita ametulia kabisa, kama yuko kwao."

Kalamu ya Diep ilisita. Adelaide, kama Australia nzima, magari hupita kushoto. Mtu akiwa na hofu, mikono hufuata ilichozoea.

"Na Thuc?"

Mzee akauweka wembe chini. Shingo ilikuwa imemjaa mishipa. "Thuc alikuja baadaye, anatoka upande wa soko, anatafuta abiria. Sisi wengine tulikuwa tumezunguka tunapiga kelele, ooh asiguswe, ooh tusubiri, kila mtu anaogopa kuambiwa ni yeye. Thuc akasema, 'Mkisubiri atakwisha.' Akachukua shuka yangu ya kunyolea, akamfunga yule mama kifuani kwake kama mtoto, akaondoka naye. Shuka yangu iko wapi leo? Iko kwenu, mmeibandika namba."

"Haya uliwaeleza wenzangu?"

"Waliniambia, mzee, jibu unachoulizwa. Basi niliulizwa rangi ya pikipiki, nikajibu bluu. Mmemfunga mtu kwa rangi, Kapteni! Kesho nikianguka mimi hapa, nani atanigusa? Nani mwenye akili atanigusa?"

Diep alifunga daftari, akavuka barabara.

Hati ya upekuzi Meja aliisaini akiwa kwenye simu, bila kuisoma. Ndani ya hoteli ya Khai, mpokezi aliapa kwamba pikipiki zote za kukodisha ziko nje, na kweli zilikuwa nje, zimepangwa vizuri. Diep alizipita. Alikwenda nyuma, kwenye chumba cha kufulia, ambako mashuka yalikuwa yamerundikwa mpaka kifuani. Akamwambia sajini aliyefuatana naye ayaondoe.

Chini ya mashuka kulikuwa na pikipiki ya bluu. Bamba la namba lilikuwa limefunguliwa. Mbele kulikuwa kumeoshwa kwa sabuni hadi kunang'aa, na taa ilikuwa mpya kabisa kwenye pikipiki iliyochakaa. Kila mahali panapoonekana palikuwa safi.

"Mwizi gani huyu, afande," sajini alisema, "anaiba pikipiki, anaiosha, halafu anamrudishia mwenyewe?"

Diep alipiga goti, akamulika tochi juu ya tairi la mbele, ndani ya bati la kukinga tope. Pale ambapo mkono wa mwoshaji haukufika, kulikuwa na punje zimeganda. Alizibandua moja moja kwa kibano. Wali wa kunata, wa manjano kwa bizari, na juu yake kipande cha kitunguu kilichokaangwa. Kila aliyepata kupanga foleni asubuhi mbele ya kikapu cha Mama Mui aliujua wali ule.

"Usitupe hata punje moja," alimwambia sajini. Akaufunga mfuko wa vielelezo, akaandika saa juu yake.

Aliporudi kituoni aliwakuta watatu wale walipokuwa. Akaweka picha ya pikipiki mezani.

"Hongereni. Imepatikana. Ilikuwa chini ya mashuka yenu."

Khai alianza mara moja, kwa lugha yao wawili, upesi upesi: pengine ni mfanyakazi, pengine ni ugomvi wa biashara, yeye mwenyewe anashangaa. Diep alimwonyesha kiganja, akawageukia wageni.

"Na ile haikuwa harusi, mama. Ulikuwa msiba. Msafara ule uliweza kuonekana mahali pamoja tu Hanoi nzima, na mahali hapo si ziwani. Mlikuwa nyuma yake. Ulipofika barabara kuu, njia ilikuwa imezibwa, mkageuza. Ndipo mkamgonga mwanamke mwenye vikapu, mkatoroka."

Maren alifunika mdomo kwa mikono yote miwili.

"Sikumwona," Grant alisema. "Kwetu tunapita kushoto. Nilipogeuza nilichanganyikiwa, nikatazama upande usiofaa. Tulitaka kusimama..."

"Hatukusimama, Grant," mkewe alisema. "Usiseme tulitaka."

"Tulirudi hotelini tukamwambia yeye." Grant alimwelekezea Khai kidole. "Nilimwomba atupigie polisi. Nakuapia. Alisema tukionekana tena mtaani watu watatupiga mpaka tufe. Kwamba polisi wa hapa watatuweka ndani miaka, bila wakili. Kwamba hapa ndivyo kulivyo. Tulikuwa na asubuhi moja tu katika mji huu! Hatukumjua mtu mwingine. Tulimwamini."

Diep akamgeukia Khai. "Ulisema hivyo?"

"Niliwalinda wageni wangu."

"Ulijilinda mwenyewe, kwa sababu huna leseni ya kukodisha. Umekodisha pikipiki kwa mtu ambaye hakuwahi kuendesha kulia maishani mwake."

"Kapteni, tuwe wakweli, wewe hujui watu wetu walivyo? Mkono ni mwepesi. Ningefanyaje?"

"Watu wetu!" Diep alipiga meza, vikombe vikaruka. "Watu wako walikuwa kwenye kile kichochoro, na aliyetoka kati yao alimfunga mama wa watu kifuani akamkimbiza hospitali. Hawa wamekaa siku tatu wakila kwenye vibaraza vyetu. Wewe, Grant! Nani amekupiga? Umesema bibi alikushika mkono akakuvusha. Huo ndio mji ulioukuta. Huu mwingine, wa watu wa kuua wageni, umeuona wapi? Umeuona mdomoni mwa huyu tu, na ukaupenda kwa sababu ulikufaa!"

Diep akafungua ukurasa mpya wa daftari.

"Swali la mwisho. Mlijua kwamba kuna mtu amekamatwa?"

Grant alitazama dirishani. Aliyejibu ni Maren. "Jana. Khai alisema yameisha, wamempata wa kubeba lawama. Alisema ni mtu wa hivi hivi tu, mzoefu wa jela."

"Thuc hajawahi kukanyaga kituo cha polisi maisha yake yote, mpaka juzi. Na wewe uliposikia yameisha?"

"Nililala," Maren alisema, machozi yakimtiririka. "Kwa mara ya kwanza tangu siku ile, nililala."

Diep aliandika jibu hilo pia, akamsogezea asaini. Akasaini.

Meja Quyen alikuwa amesimama mlangoni. Haikujulikana tangu lini. Alimwita Diep kando. "Binti, umefikiria? Ubalozi utapiga simu. Magazeti yatauliza kwa nini tulimshika mtu mwingine. Ungeniambia kwanza."

"Nilikuambia asubuhi, Meja. Ukanitajia kunguni."

Uso wa Meja ulijikunja. Alizipekua karatasi: maelezo ya kinyozi, hati ya upekuzi yenye saini yake mwenyewe, picha za wali. Alifika mwisho, akarudi mwanzo, hakupata pa kupenyeza kidole. "Wasisafiri," alisema. "Na huyo wa hoteli apelekwe ndani. Yule dereva mtoe, lakini kwa mlango wa nyuma. Pale mbele watu wameanza kukusanyika."

"Alipoletwa na pingu alipitishwa wapi?"

"Diep."

"Basi atatoka palepale," Diep alisema, akachukua funguo.

Alipiga simu moja kwanza, wodi ya upasuaji. Kisha akashuka.

Thuc alikuwa ameketi sakafuni, mtu wa makamo, mwembamba, mifupa ya mabega imechomoza chini ya fulana waliyompa baada ya kumvua shati. Hakusimama mlango ulipofunguliwa.

"Mjomba Thuc, mimi ni Kapteni Diep. Aliyemgonga Mama Mui amepatikana, amekiri. Uko huru. Kituo hiki kimekukosea, na mimi nakuomba radhi."

"Ningemwacha pale ningelala kwangu," Thuc alisema. "Asante ya punda."

"Una haki ya kukasirika."

"Haki hiyo nayo unanipa wewe?" Alimtazama kwa mara ya kwanza, macho mekundu. "Mmeniuliza mimi ni nani, naishi wapi, nilikunywa nini, nilikuwa na mwendo gani. Mmeniuliza mpaka jina la bibi yangu mzaa mama. Yote nimejibu. Mimi nina swali moja. Kila anayeingia hapa namuuliza, ananiambia hapa tunauliza sisi."

"Niulize mimi."

"Yule mama yu hai?"

Kutoka juu zilisikika kelele za watu waliokusanyika getini. Diep alichuchumaa mbele yake.

"Yu hai," alisema. "Amezinduka leo alfajiri. Nimetoka kuzungumza na muuguzi. Anasema mama anamuulizia yule mwanamume aliyekuwa akimwambia njia nzima asilale."

Thuc aliinamisha kichwa katikati ya magoti. Mabega yakamtikisika, bila sauti, kwa muda. Kisha akajifuta uso kwa fulana, akasimama. Hasira ilikuwa palepale.

"Neno moja," alisema. "Neno moja tu, afande. Mlishindwa nini kuniambia?"

Thuc hakungoja. Alimpita, akapanda ngazi, akatoka kwa mlango wa mbele miguu mitupu, bila hata kuulizia viatu vyake.